Mizizi Mitatu ya Kitenzi "be"

Hakuna kitenzi cha Kiingereza kinachotamkwa na kuandikwa mara nyingi kuliko "be", yaani kuwa, na hakuna kingine kinachobadilika umbo kwa namna ya kumchanganya mwanafunzi kiasi hicho. Vitenzi vingine vya lugha hiyo, hata vile vinavyosifika kwa ukaidi, havizidi maumbo matano: mtu akishajua "go", "goes", "going", "went" na "gone", amekimaliza kitenzi cha kwenda. Lakini "be" kina maumbo manane yanayotumika hadi leo, ambayo ni "be", "am", "is", "are", "was", "were", "being" na "been", na anayeyasikiliza kwa makini hugundua kwamba baadhi yake hayana hata sauti moja ya pamoja, kwa kuwa "am" na "be" hazifanani kwa lolote, wala "was" na "been". Katika shule nyingi za Afrika Mashariki maumbo hayo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kufundishwa katika somo la Kiingereza, nayo hukaririwa kwa sauti, nafsi baada ya nafsi, bila maelezo ya kwa nini yako hivyo. Mwanafunzi huachwa akiamini kwamba Kiingereza ni lugha isiyo na utaratibu, au kwamba yeye mwenyewe ana akili nzito, ilhali yote mawili si kweli. Maelezo yapo, yamejulikana kwa karne mbili sasa, na hayahitaji elimu kubwa kuyafahamu: "be" si kitenzi kimoja bali ni vitenzi vitatu vya kale, kila kimoja kikiwa na mzizi wake na maana yake, vilivyokaribiana hatua kwa hatua hadi wasemaji wakavitumia kama kimoja na kusahau kwamba viliwahi kuwa mbalimbali.

Njia ya kuligundua jambo hilo haikuanzia Uingereza bali India. Mwezi Februari mwaka 1786, Sir William Jones, jaji Mwingereza aliyefanya kazi Calcutta na kujifunza huko Kisanskriti, lugha ya kale ya dini na elimu ya Wahindu, aliwaeleza wanachama wa Jumuiya ya Asia, ambayo yeye mwenyewe aliianzisha miaka miwili kabla, kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno katika mizizi ya vitenzi na katika maumbo ya sarufi, kiasi kwamba ufanano huo hauwezi kuwa wa bahati tu, na kwamba lugha hizo lazima zitakuwa zimetoka katika chanzo kimoja ambacho huenda hakipo tena. Miaka 30 baadaye, mwaka 1816, Mjerumani Franz Bopp alichapisha kitabu kilicholinganisha mnyambuliko wa vitenzi vya Kisanskriti na ule wa Kigiriki, Kilatini, Kiajemi na lugha za Kijerumaniki, yaani lile kundi lenye Kijerumani, Kiholanzi, Kiingereza na lugha za Skandinavia, na tangu hapo ulinganishaji wa lugha ukawa taaluma yenye kanuni zake. Lugha mama ambayo Jones aliihisi na Bopp akaanza kuitafuta leo huitwa Kihindi-Kiulaya cha Awali. Haikuandikwa kamwe, lakini wanaisimu wameweza kuijenga upya kwa sehemu kwa kuyalinganisha maneno ya watoto na wajukuu wake, kama vile wanaisimu wa lugha za Kibantu wanavyolinganisha Kiswahili, Kiganda, Kizulu na Kikongo ili kupata sura ya Kibantu cha Awali.

Mzizi wa kwanza wa "be" ndio ulio wazi kuliko yote, kwa sababu umebaki karibu bila kubadilika kutoka mto Ganges hadi visiwa vya Uingereza. Mahali ambapo Mwingereza husema "is", Mjerumani husema "ist", Mrumi wa kale alisema "est", Mgiriki "esti", Mwajemi "ast", na msomi wa Kisanskriti "asti". Mzizi huo, ambao wanaisimu huuandika "es", ulikuwa na maana ile ile ya kuwa tangu mwanzo, kadiri ushahidi unavyoweza kurudi nyuma. Kutoka kwake limetoka pia umbo "am", ambalo linastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Katika lugha mama, nafsi ya kwanza ya umoja ilioneshwa kwa kiambishi "mi" kilichowekwa mwishoni mwa kitenzi, kazi ile ile ambayo Kiswahili huifanya kwa kiambishi "ni-" kinachowekwa mwanzoni. Ndiyo maana Kisanskriti kina "asmi", yaani mimi ni, Kigiriki kina "eimi" na Kilithuania cha zamani kina "esmi". Kiingereza kilikipoteza kiambishi hicho katika vitenzi vyake vyote vingine, ambavyo havimtaji tena mtendaji wa nafsi ya kwanza kwa alama yoyote, lakini katika "am" ile "m" ya mwisho imesalia. Mtoto wa leo anayesema "I am" anajitaja mara mbili bila kujua, mara moja kwa kiwakilishi kipya na mara moja kwa kiambishi chenye umri wa maelfu ya miaka.

Mzizi wa pili, unaoandikwa "bhu", haukumaanisha kuwa bali kuota, kukua na kugeuka kuwa kitu fulani, na kutoka kwake yamekuja "be", "being" na "been". Ukoo wake ni mpana na unafika mahali ambapo msomaji wa Kiswahili hapatarajii. Wagiriki waliunda kutokana nao neno "physis", yaani maumbile, vitu vinavyoota na kukua kwa nguvu yake vyenyewe, na neno hilo limesafiri kupitia Kilatini na lugha za Ulaya hadi kufika katika madarasa ya Kiswahili kwa jina la fizikia. Warumi walipata kwake "futurus", maana yake kitakachokuwa, ambalo ndilo asili ya neno la Kiingereza la wakati ujao. Katika lugha za Kijerumaniki maana ya kuota ilielekea kwenye maana ya kukaa mahali, kulima na kujenga, na hapo ndipo lilipotoka neno la Kiingereza la jirani, "neighbour", ambalo zamani lilimaanisha mkaaji wa karibu, na pia neno la Kiholanzi "boer", yaani mkulima. Hilo la mwisho ndilo walilojiita walowezi wenye asili ya Uholanzi kule Afrika Kusini, ambao baadhi yao walihamia miteremko ya Mlima Meru mwanzoni mwa karne ya 20 na wengine nyanda za juu za Uasin Gishu mwaka 1908, na Waswahili wakawaita Makaburu. Kwa hiyo neno Kaburu, ambalo limebeba historia chungu ya ubaguzi, na neno "be", ambalo halina rangi wala uchungu wowote, ni matawi ya shina moja.

Mzizi wa tatu, "wes", ulimaanisha kukaa, kubaki, au kulala mahali usiku, na ndio uliozaa "was" na "were". Katika Kisanskriti "vasati" bado ni anakaa au anaishi mahali fulani, wakati Kijerumani kimehifadhi nomino "Wesen", yaani dhati ya kitu au kiumbe, pamoja na "gewesen" inayotumika kusemea mambo yaliyokuwa. Si ajabu kitenzi cha kukaa kugeuka kitenzi cha kuwa, kwa maana jambo hilo limetokea katika lugha nyingi zisizo na undugu. Kilatini kilikuwa na "stare", kusimama, na humo Wahispania wamepata "estar", mojawapo ya vitenzi vyao viwili vya kuwa. Hata Kiswahili kinachosemwa Kenya kimeanza mwendo huo huo, kwani huko mtu anaweza kuambiwa "unakaa mgonjwa" na asielewe kwamba ameketi, bali kwamba anaonekana kuwa mgonjwa.

Tofauti ya "was" na "were", ambayo wanafunzi huiona kama mzigo usio na faida, ilikuwa sehemu ya fumbo lililowasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1822 Jacob Grimm, yule yule aliyekusanya hadithi za watoto pamoja na ndugu yake, alieleza jinsi konsonanti za lugha za Kijerumaniki zilivyohama kutoka zile za lugha mama, lakini palibaki maneno mengi yaliyokataa kufuata utaratibu wake, na pia vitenzi ambavyo konsonanti yake ilikuwa moja katika umoja na nyingine katika wingi, bila sababu iliyoonekana. Mdenmaki Karl Verner, aliyezaliwa mwaka 1846, ndiye aliyetoa ufumbuzi katika makala iliyochapishwa mwaka 1877. Alionesha kwamba sababu ni mkazo, yaani ile nguvu ya sauti inayowekwa juu ya silabi moja ya neno. Zamani sana mkazo haukukaa mahali pamoja: katika wakati uliopita wa umoja uliangukia mzizi, na katika wingi uliangukia kiambishi cha mwisho. Pale ambapo mkazo ulitangulia, "s" ilibaki "s", na pale ambapo mkazo ulikuja nyuma yake, "s" ililegea ikawa "z", kisha "z" hiyo ikageuka "r" katika Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia. Baadaye mkazo ukahamia silabi ya kwanza ya maneno yote, na sababu ikatoweka huku matokeo yake yakibaki. Kijerumani kiliyasawazisha mambo kwa kuieneza "r" hadi katika umoja, kikawa na "war" na "waren", lakini Kiingereza hakikufanya hivyo, na kwa sababu hiyo "was" na "were" ndiyo jozi pekee ya umoja na wingi katika Kiingereza sanifu cha leo inayoonesha mkazo wa zama ambazo hakuna aliyeacha maandishi yake.

Mizizi hiyo mitatu ilipofika Uingereza katika karne ya 5 pamoja na Waangli, Wasaksoni na Wajuti, makabila yaliyovuka bahari kutoka pwani za Ujerumani na Denmaki ya leo, ilikuwa imekwisha kuanza kuungana lakini haijawa kitu kimoja. Kiingereza cha Kale, jina linalopewa lugha hiyo hadi karibu mwaka 1100, kilikuwa na seti mbili kamili za wakati uliopo. Ya kwanza ilitokana na "es" na ilisema "ic eom", mimi ni, na "he is". Ya pili ilitokana na "bhu" na ilisema "ic beo" na "he bið". Seti hizo hazikuwa sawasawa. Ya kwanza ilisema kuhusu jambo lililopo sasa, na ya pili ilielekea kutumika kwa mambo yajayo, mambo ya kila siku, na kweli zisizobadilika, kama vile kwamba majira ya baridi ndiyo yenye baridi kuliko yote. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili, kwa sababu lugha yake inatofautisha "mvua inanyesha" na "mvua hunyesha", na anajua kwamba sentensi ya pili inaweza kusemwa kwa ukweli wote wakati wa jua kali. Kiingereza kiliipoteza hazina hiyo seti mbili zilipochanganyika, na kwa maoni ya makala haya ilikuwa hasara ya kweli, kwani lugha ilipunguziwa uwezo wa kusema kwa neno moja kile ambacho sasa inahitaji maneno ya kuongeza.

Umbo "are", linalotumika leo kwa wingi wote na kwa nafsi ya pili, lina safari yake ya pekee. Wasaksoni wa kusini hawakulitumia. Wao kwa wingi walisema "sind" au "sindon", ndugu wa "sunt" ya Kilatini na "santi" ya Kisanskriti, na neno hilo bado linaishi katika Kijerumani. Ni Waangli wa katikati na kaskazini waliokuwa na "earon" au "aron". Kisha Wavikingi, mabaharia wa Skandinavia walioishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793 na ambao wengi wao baadaye walilowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza, walikuja na Kinordi cha Kale, lugha iliyokaribiana na Kiingereza kiasi cha watu kuelewana kwa shida, na katika lugha hiyo "wao ni" ilikuwa "þeir eru", ambapo herufi ya kwanza husomwa kama "th" ya "thelathini". Majirani hao walioana, wakafanya biashara na kulima pamoja, na umbo la Waangli likapata nguvu kwa kufanana na la wageni. Kutokana na mchanganyiko huo "are" ikashuka kusini karne baada ya karne, sambamba na kiwakilishi "they", ambacho chenyewe ni cha Kinordi. "Sind" ilitoweka kufikia karne ya 13, na kusini wakawa wanasema "they be" au "they ben" kwa muda mrefu. Tafsiri ya Biblia iliyotolewa kwa amri ya Mfalme James mwaka 1611 bado inatumia "be" katika mahali kadhaa ambapo mwandishi wa leo angeandika "are". Anayesema "they are" hivi leo, Nairobi au Dodoma, anatamka maneno mawili ambayo kaskazini mwa Uingereza iliyakubali kwanza, na London ikayafuata baadaye sana.

Swali linalobaki ni kwa nini vurugu hiyo haikusafishwa, ilhali Kiingereza kimesafisha vitenzi vingi vilivyokuwa vya ajabu. Jibu linapatikana katika wingi wa matumizi. Neno linalosikika mara mia kwa siku huingia katika kumbukumbu ya mtoto lilivyo, kabla hajajua kanuni yoyote, na halimpi nafasi ya kulikosea kwa kudumu, wakati neno linalosikika mara moja kwa mwezi husahaulika umbo lake na kuundwa upya kwa kanuni ya jumla. Mwaka 2007 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard kilichapisha katika jarida la Nature hesabu ya vitenzi 177 vya Kiingereza cha Kale ambavyo havikufuata kanuni. Katika Kiingereza cha Kati, yaani kile cha karne za 12 hadi 15, vilivyobaki hivyo vilikuwa 145, na katika Kiingereza cha leo ni 98 tu. Kitenzi cha kusaidia, "help", ambacho wakati wake uliopita ulikuwa "holp", ni mmoja wa waliosalimu amri. Vilivyosalia ni vile vinavyotumika zaidi, na mbele ya vyote ni "be" na "have", kwa hiyo ukaidi wa "be" unatokana na kule kutumika kwake bila kupumzika.

Kiswahili nacho kina historia ya namna hiyo, ingawa wasemaji wake mara chache huiona kwa sababu wameizoea. Vitabu vya sarufi hukiita kitenzi cha kuwa kitenzi kishirikishi, kwa maana kazi yake ni kushirikisha mtajwa na sifa yake au mahali pake, na hapo hapo hukigawa katika kishirikishi kikamilifu, ambacho ni "kuwa" chenye kupokea viambishi vya nafsi na wakati, na vishirikishi vipungufu, kama "ni" na "si", visivyopokea chochote. Mtu husema "yeye ni mwalimu" lakini akirudi nyuma kwa mwaka mmoja husema "alikuwa mwalimu", na baina ya "ni" na "kuwa" hakuna sauti ya pamoja zaidi ya ile iliyopo baina ya "is" na "be". Kisha kuna mzizi wa tatu, "-li", unaojificha katika "aliye", "walio", "kilicho" na "palipo". Mzizi huo uko wazi zaidi kwa majirani: salamu ya Kiganda "oli otya", ambayo ni kama kusema u hali gani, imejengwa juu yake, na Mnyarwanda asemapo "ndi" anasema mimi ni. "Kuwa" nayo ni ile ile "okuba" ya Kiganda na "kuba" ya Kinyarwanda. Wanaisimu wengi huona kwamba hata kiambishi cha wakati uliopita, "-li-" ya "alisoma" na "tulikwenda", ni kitenzi hicho hicho kilichochoka na kugeuka alama ya wakati, na kama ndivyo, basi neno dogo "alikuwa" limebeba vitenzi viwili vya kuwa kwa pamoja. Mwalimu anayemwonesha mwanafunzi wake jambo hili kabla ya kumwandikia "am, is, are" ubaoni humwondolea hofu ambayo hakuna kipindi cha kukariri kinachoweza kuiondoa.

Lugha hizi mbili zinapotengana kwelikweli ni katika maana. "Be" ya Kiingereza hubeba kwa umbo moja mambo ambayo lugha nyingine huyagawa: utambulisho, sifa, mahali, na kuwepo kwenyewe. Zipo lugha zisizohitaji kitenzi chochote kwa baadhi ya hayo. Kiarabu hakiweki kishirikishi katika wakati uliopo, jambo linalosikika kila siku katika miji ya pwani mwadhini anapotamka "Allahu Akbar", maneno mawili yasiyo na kitenzi ndani yake. Kirusi hufanya vivyo hivyo, na Kiswahili chenyewe katika methali hukiacha kitenzi pembeni, kama katika "njaa mwana malegeza". Lakini jambo la kuwepo ndilo lililozua mjadala mzito. Wanafalsafa wa Ulaya, tangu Wagiriki wa kale, wamejenga elimu nzima juu ya kitenzi cha kuwa kinachosimama peke yake, bila kusema kuwa nini wala kuwa wapi, na mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste aliandika mwaka 1958 kwamba elimu hiyo isingejengeka hivyo kama Kigiriki kisingekuwa na kitenzi cha aina hiyo. Alitoa mfano wa Kiewe, lugha ya Togo na Ghana, ambacho hugawa kazi za kuwa baina ya vitenzi kadhaa tofauti.

Padre Alexis Kagame wa Rwanda, aliyechapisha mwaka 1956 utafiti wake juu ya falsafa ya kuwa kwa Wanyarwanda na kuupanua baadaye, mwaka 1976, kwa kulinganisha lugha nyingi za Kibantu, alilisogeza jambo hilo mbele zaidi. Kwa maoni yake, kauli maarufu ya Mfaransa René Descartes, ya mwaka 1637, inayotoa kuwepo kwa mtu katika kufikiri kwake, haiwezi kusemwa katika lugha za Kibantu kama ilivyo, kwa sababu kishirikishi cha lugha hizo hudai daima kufuatwa na sifa au mahali. Kiswahili kinathibitisha hoja yake, maana mtafsiri wa kauli hiyo hawezi kuishia kwenye "mimi ni", ambayo humwacha msikilizaji akingoja kilichobaki, bali hulazimika kusema "nipo" au "niko", na "-po" na "-ko" ni viambishi vya mahali. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walifika kwenye kivuko hicho hicho katika kitabu cha Kutoka, sura ya 3, Mungu anapomtajia Musa jina lake, nao wakachagua umbo lenye "-ko". Si sahihi kusema kwamba Kiswahili kimepungukiwa hapo. Kinachoonekana ni kwamba kwa msemaji wa Kibantu kuwepo ni kuwepo mahali, na hilo ni wazo lenye uzito wake, linalostahili kujadiliwa kwa lugha yenyewe.

Katika Kiingereza kitenzi hicho kiliendelea kupewa kazi hata baada ya maumbo yake kutulia. Kilikuwa kimekwisha kuwa msaidizi katika kauli ya kutendwa, yaani ile inayomtaja aliyetendewa kwanza, na baadaye kikawa nguzo ya hali ya kuendelea, inayosema kwamba tendo liko katikati ya kutendeka. Mwishoni mwa karne ya 18 kazi hizo mbili zilikutana katika sentensi moja, watu wakaanza kusema "the house is being built", nyumba inajengwa, mahali ambapo zamani walisema "the house is building", kana kwamba nyumba inajenga. Umbo hilo jipya lenye "be" mara mbili lilipigwa vita na walinzi wa lugha kwa karibu karne nzima, akiwemo Mmarekani Richard Grant White, aliyelishambulia kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1870, na leo hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuwa kosa. Wakati huo huo kitenzi kilikuwa kikijificha katika maneno mengine: "goodbye", neno la kuagana, ni kifupisho cha dua ya karne ya 16 ya kumwombea mtu Mungu awe naye, na "be" ya dua hiyo imemezwa kabisa katika silabi ya mwisho.

Kiingereza sanifu, hata hivyo, hakikuwahi kuwa Kiingereza chote. Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzake, walipozunguka katika maeneo 313 ya Uingereza kati ya mwaka 1950 na 1961 kurekodi usemi wa wazee wa vijijini, waliwakuta wakulima wa kusini-magharibi wakisema "I be" kwa utulivu, wakati wengine wa kaskazini walisema "I is". Watu hao hawakuwa wameikosea sarufi. Walikuwa wakiendeleza machaguo ya kale ambayo London haikuyachukua. Na miongoni mwa Wamarekani Weusi, katika lahaja ambayo shule zimeiita mbovu kwa vizazi vingi, "be" imepewa tena kazi inayofanana sana na ile ya Kiingereza cha Kale, ingawa si urithi wa moja kwa moja kutoka kule. "She working" humaanisha kwamba anafanya kazi sasa hivi, na "she be working" humaanisha kwamba hufanya kazi, ndiyo desturi yake, hata kama kwa saa hii amelala. Mtafiti Janice Jackson aliwaonesha watoto picha ya Cookie Monster, kikaragosi wa televisheni anayejulikana kwa kupenda biskuti, akiwa mgonjwa kitandani, huku mwenzake Elmo akila biskuti karibu naye. Alipowauliza nani "is eating cookies", walimwonesha Elmo. Alipowauliza nani "be eating cookies", watoto waliokulia katika lahaja hiyo walimwonesha Cookie Monster, kwa sababu ndiye alaye biskuti siku zote, wakati watoto wasioijua lahaja hiyo walibaki na Elmo, wasiisikie tofauti ambayo mtoto wa Kiswahili huisikia baina ya "anakula" na "hula" kabla hajaanza shule.